Chuma Alichokichagua Baba

Nafundisha ufundi wa vyuma kwenye chuo kimoja hapa Mpanda mjini, na kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia karakana nawagawia kwanza vipande vya waya, ule wa kufungia nondo. Nawaambia wapinde, wanyooshe, wapinde tena palepale, na kila mmoja aseme wake utakatika lini. Wanabashiri ovyo. Wenye misuli wanadhani waya unaogopa misuli. Halafu unakatika wakiwa bado wanacheka, na wakigusa pale ulipokatika wanatoa kidole haraka kwa sababu pana moto.

"Madam, ina maana chuma nacho kinachoka?"

"Kinachoka kuliko wewe uliyesinzia darasani jana."

Hiyo ndiyo kazi inayonilisha: kukadiria chuma kitadumu mpaka lini kikibebeshwa mzigo, na kikianza kuvunjika kitaanzia wapi. Watu wanadhani chuma kinavunjwa na mzigo mmoja wa kutisha. Mara chache sana. Kwa kawaida kinamalizwa na mizigo ya kila siku, shimo hili la barabara na lile, mpaka ufa mdogo usioonekana kwa macho unajitokeza mahali fulani na kuanza kutembea polepole. Nimelisema hili miaka mingi, nimefika mahali naweza kulisema huku nawaza mboga ya jioni. Sikuwahi kuliogopa mpaka nilipolikuta kwenye pikipiki ya mdogo wangu.

Kwetu ni Mishamo, makazi yaliyoanza kama ya wakimbizi. Babu na bibi walitoka Burundi na mizigo kichwani, baba akiwa mtoto wa mgongoni. Siku hizi sisi ni Watanzania kabisa, ingawa baba akikasirika bado anakasirika kwa Kirundi. Analima mahindi na maharage, na ni mzee wa kanisa. Mama alifariki nikiwa sekondari, kwa hiyo watoto watatu tulilelewa na baba peke yake: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyenifuata, na kitinda mimba wetu, wa kiume naye. Alitulea kwa wasiwasi. Viatu vipya hatukuruhusiwa kuvivaa kabla baba hajavishona tena kwa uzi wa nailoni, mzunguko mzima, mpaka vinaonekana vimevaa mkanda. Tulichekwa shuleni, jamani, tulichekwa! Ila ndivyo mtu yule anavyopenda. Kitu chako akikipenda lazima akiongezee nguvu.

Mwaka mmoja mdogo wangu alivuna vizuri, akauza mahindi, akanunua pikipiki mpya ya kubebea mazao ya watu kutoka Mishamo kuja mjini. Aliinunua hapa hapa Mpanda, akaipitisha kwangu Makanyagio niione kabla hata haijachafuka. Nilivua viatu nikachuchumaa, nikaikagua bomba kwa bomba, na yeye kasimama anajifanya hana haraka, kumbe roho iko juu.

"Haya, dada, wewe ndiye unayezisomea. Hii itadumu mpaka lini?"

"Ukiweka magunia mawili na ukaenda mwendo wa mtu mwenye akili, itakuzeesha. Ukiweka matatu, usinipigie simu."

"Thubutu! Matatu naweka wapi, kichwani?"

Akaondoka anapiga honi mtaa mzima kama harusi. Nilisimama barabarani nimekunja uso, maana majirani walikuwa wanatazama, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Nilichomwambia kilikuwa kweli. Kwa pikipiki ile, kama ilivyokuwa siku ile, nilikadiria sawasawa.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kule kwetu pikipiki mpya haibebi gunia la kwanza kabla haijapita kwa fundi wa kuchomelea. Nyuma ya pikipiki kuna mikono miwili, mabomba mawili yanayolishika tairi la nyuma huku na huku. Ukiitazama inaonekana myembamba, na jicho la mkulima haliamini kitu chembamba. Basi fundi anaweka kipande cha chuma juu ya kila mkono, anachomelea, anapaka rangi nyeusi, na mwenye pikipiki anarudi nyumbani ameridhika. Wanafanya wote. Hakuna anayelitangaza, kama ambavyo hakuna anayetangaza kwamba ametia chumvi kwenye mboga. Ndiyo maana sikuambiwa.

Baba hakukikubali chuma cha fundi. Alisema ni bati la kuchezea watoto. Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye plau letu bovu, lile la kulimia na ng'ombe, akalikata chuma kinene kabisa, akakibeba begani mpaka kwa fundi, akasimama pale kazi nzima anaelekeza. Jaza hapa. Jaza na hapa. Jumapili yake wakaipeleka kanisani ikaombewa. Yote haya nilikuja kuyasikia msibani, yakisimuliwa kwa sifa, watu wakinionyesha jinsi mzee alivyomjali mwanawe.

Mdogo wangu alikufa kiangazi, njiani akija mjini. Alikuwa na magunia mawili. Mawili tu, alinisikiliza.

Walikuja kuniita karakana, na jinsi mkuu wa chuo alivyonishika bega nikajua. Nilimwambia aondoe mkono wake, nikafunga mashine zote moja moja, nikaosha mikono, nikatoka. Sikulia mpaka nilipoiona nyumba yetu na watu wamejaa uani.

Siku iliyofuata baada ya mazishi, akaja mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji, na mkokoteni wake wa ng'ombe. Juu ya mkokoteni ilikuwa pikipiki. Ni yeye na wanawe waliomwokota mdogo wangu, na sasa alikuwa ametembea kutwa nzima kuturudishia chuma ambacho angeweza kukiacha porini. Alimpa baba mkono, akasema kijana alikuwa bado anapumua walipomkuta, na alichokuwa anauliza ni kama mahindi ya watu yamemwagika. Wakamwambia hayajamwagika. Mzee yule alikaa na wanaume msibani mpaka kesho yake, hakutaka hata nauli ya shukrani.

Pikipiki ikasukumwa nyuma ya jiko, ikafunikwa turubai. Hakuna aliyetaka kuitazama. Mimi niliitazama. Mchana wa jua kali, watu wakiwa wanakula, nilikwenda nikafunua.

Mkono wa kulia ulikuwa umekatika vipande viwili. Chuma kilichovunjika ukikitazama vizuri kinakueleza kilivyovunjika. Sehemu iliyokatika siku ya mwisho inang'aa, ina chembechembe kama sukari. Sehemu iliyoanza kukatika zamani ni laini na nyeusi, imeingia kutu na vumbi, na ina mistari iliyojikunja, kila mstari ni mahali ufa ulipopumzika kisha ukaendelea. Pale mbele yangu, karibu uso wote ulikuwa mweusi. Panapong'aa palikuwa kama upana wa kucha. Mdogo wangu alikuwa amesafiri muda mrefu juu ya chuma cha upana wa kucha. Na ufa ulikuwa umeanzia pembeni kabisa mwa kile chuma cha plau, palepale kinapoishia, kwenye mshono wa kuchomelea.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeweza kueleza. Mkono ule umetengenezwa uwe unapinda kidogo sana, wote kwa pamoja, kila tairi linapoingia shimoni. Ukiufunga chuma kigumu katikati, haupindi tena pale ulipofungwa, na kupinda kote kunahamia ukingoni. Halafu moto wa kuchomelea umeshakiharibu chuma kwenye ukingo huohuo. Kadiri kile ulichoongeza kinavyokuwa kinene, ndivyo ukingo unavyoumia. Fundi angeweka lile bati lake la kuchezea watoto, pengine ingechelewa. Wangeiacha kama ilivyotoka dukani, mdogo wangu angekuwa hai. Nilijua hivyo nikiwa nimechuchumaa pale, na nilitukana. Nilitukana kwa sauti, matusi ambayo mtoto wa mzee wa kanisa hatakiwi hata kuyafahamu.

Shangazi, dada yake baba, alitokea jikoni na mwiko mkononi. Yule mama hajasoma kitu lakini humfichi jambo.

"Umeona nini hapo?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalivuta turubai mwenyewe, akafunika.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Basi liishie kwangu na kwako. Kaka yangu kazika mke, sasa kazika mtoto. Ukimpa na hili atakwenda nalo kaburini, tena siku si nyingi. Mimi nakuomba, mwanangu. Na kama kuomba hakutoshi, nakuamuru."

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Siku ile niliufunga. Baba aliponiita jioni, mbele ya wazee wenzake, akaniuliza, "Wewe ndiye unayevijua vyuma. Kilikatika kwa nini?" nilimtazama usoni nikasema, "Jiwe, baba. Aligonga jiwe kubwa, hakuna chuma ambacho kingehimili."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi, na akafumba macho. Usiku ule alilala kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Sijutii. Anayetaka kunihukumu aje kwanza amwone baba yangu alivyokuwa amekaa kwenye kile kigoda, mikono imelala magotini viganja juu, kama mtu aliyemaliza kupokonywa.

Baada ya matanga, baba alichukua jembe akatembea mpaka pale ajali ilipotokea. Aling'oa mawe. Sio moja, yote, kipande kizima cha barabara, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakumwambia mtu. Tulisikia kwa wapita njia kwamba mzee fulani anachimbua mawe na kuyasukumia mtaroni huku anayasemesha. Shangazi ndiye aliyenipigia kunieleza, na sote wawili tulijua hapakuwa na jiwe.

Lakini alipona, kwa namna ya kupona kwa wazee. Akarudi shambani. Akarudi kuimba kanisani. Mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri, na mimi nilipopata likizo nikaenda nyumbani nimebeba sukari na mchele, moyo mwepesi kidogo.

Nikaikuta uani pikipiki mpya.

Kitinda mimba wetu alikuwa ameipandia kama mtu anayepigwa picha. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, na magotini kalaza kipande cha chuma, kikubwa, anakipima kwa kamba.

"Karibu, mama," aliniita hivyo, ndivyo anavyoniita akiwa na furaha. "Umekuja wakati mzuri. Mdogo wako naye kapata usafiri. Kesho asubuhi tunaipeleka kwa fundi. Safari hii nataka unene mara mbili ya ile. Hata lije jiwe la namna gani, halitafua dafu."

 Niliweka vifurushi chini, nikasalimia, nikauliza habari za shamba, kisha nikamvuta mdogo wangu nyuma ya kihenge cha mahindi.

"Usiipeleke hiyo pikipiki kwa fundi."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiipeleke. Mwambie baba unaitaka hivyohivyo."

"Dada, nawe! Mzee kahangaika na hicho chuma wiki nzima, kakifuata mpaka Kakese. Nimwambie nini? Ya kaka ilivunjwa na jiwe, wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

 Nilifikiria kwenda kwa fundi kimyakimya nimwombe asingizie umeme umekatika. Nilifikiria kumpigia shangazi. Ila mafundi wako wengi na umeme ungerudi, na shangazi asingeweza kuushika ule mkono wa nyuma barabarani. Kijana alikuwa amesimama mbele yangu, ana masikio ya mama, na mimi nilijua atakufa wapi na nilijua kwa sababu gani. Siku tu ndiyo nisiyoijua, lakini isingekuwa mbali, na chuma cha unene ule kingeisogeza karibu zaidi.

Nikarudi uani, nikakaa chini kwenye mkeka karibu na miguu ya baba.

"Baba, suruali yako ya shamba unaishona mwenyewe bado?"

"Nani mwingine atanishonea?"

"Ukitia kiraka cha turubai gumu kwenye kitambaa kilicholainika, halafu ukawa unachuchumaa unainuka, unachuchumaa unainuka, itachanika wapi?"

"Pembeni ya kiraka," alijibu palepale, anacheka. "Kiraka chenyewe hakichaniki. Kinachanika kitambaa, pale..."

Akaacha. Mikono yake ilikuwa bado juu ya kile chuma. Aliangalia pikipiki ya kitinda mimba, akaangalia chuma, akaniangalia mimi, na nikaona uso wake unaelewa kidogo kidogo, na sikuwa na namna ya kuuzuia.

"Jiwe," akasema.

"Hakukuwa na jiwe, baba."

Kitinda mimba alikuwa amekuja nyuma yetu. Alitaka kusema kitu, nikamwonyesha kwa mkono anyamaze.

"Kilikatika pembeni ya chuma cha plau," akasema baba. Hakuwa ananiuliza.

"Ndiyo, baba. Lakini usiseme umemuua. Usilitamke hilo. Watu wote wanafanya hivyo, fundi anafanya, hakuna aliyewahi kukwambia. Ungejua, usingefanya. Mimi ndiye niliyeamua kukuficha, na ningekuficha mpaka kufa kama si huyu."

Maneno yalinitoka mengi, ya haraka, nusu nalia nusu nafoka, kama kawaida yangu nikiogopa. Baba hakuonekana kuyasikia. Alikiinua kile chuma magotini, akakiweka chini taratibu, mbali na tairi la pikipiki, kana kwamba kingeweza kuruka na kulishika.

"Kilikatika siku ile ile?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilishachoka, na alikuwa ananitazama.

"Hapana. Ufa ulianza mapema. Ulikuwa unatembea kidogo kidogo, miezi."

"Juu au chini?"

"Juu. Upande wa juu, kulia, palepale kwenye mshono."

 Kuku walipita katikati yetu, na jirani akatusalimia kutoka njiani, baba akamwitikia vizuri tu. Kisha akaanza kusema, sauti yake ya kawaida, ya mtu anayekumbuka alikoacha kitu.

"Alikuwa anarudi amechoka, anakwenda kulala. Pikipiki nilikuwa naiosha mimi, kila Jumamosi, ili aende nayo kanisani ikiwa safi. Nikiipangusa, nikifika hapo, kitambaa kilikuwa kinanasa. Mwanzoni hakikuwa kinanasa. Baadaye kila nikipita kinanasa. Nikadhani fundi hakulainisha vizuri. Nilikuwa nakivuta, naendelea."

Darasani nawafundisha hivyo hivyo. Nawaambia pitisheni pamba juu ya chuma taratibu, na pale itakaponasa simameni mtazame, hapo pana ufa. Sikumwambia hilo. Hilo nimelibakiza kwangu, na shangazi naye sikumwambia.

Kitinda mimba alipiga magoti akamshika baba mabega. Baba alimwacha amshike, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameunyoosha mbele, kidole gumba na cha shahada vimeshikana kama vimebana kitambaa, anaupitisha hewani polepole, anasimama mahali, anavuta kidogo, anaendelea. Akarudi mwanzo akaupitisha tena.